Igunga 2011: Daraja, Mahindi na Tofauti ya Kura 3,224

Ukitoka Singida kwa barabara ya Mwanza, ukishamaliza kona za Sekenke na kuteremka bondeni, unaingia mbuga ya Wembere. Udongo ni mweusi, wa mbuga kwelikweli. Kiangazi hupasuka nyufa za kumeza mguu wa mtoto, masika hunata na kushika tairi hadi gari lilale hapohapo. Ukivuka mbuga ndiyo unafika Igunga, mji wa barabarani wenye stendi, maghala ya mpunga na malori yanayopumzika usiku. Msafiri wa basi hununua karanga dirishani na kuendelea na safari yake. Ila Septemba yote ya mwaka 2011 nchi nzima ilikuwa inautazama mji huu mdogo, na helikopta za vyama zilikuwa zinapishana juu ya mapaa ya bati.

Jumapili ya tarehe 2 Oktoba 2011 jimbo la Igunga lilipiga kura ya uchaguzi mdogo. Dk. Peter Dalaly Kafumu wa CCM alipata kura 26,484. Mwalimu Joseph Kashindye wa CHADEMA alipata 23,260. Leopold Mahona wa CUF, aliyekuwa ameshika nafasi ya pili mwaka uliotangulia, aliambulia 2,104. Waliopiga kura walikuwa 53,672, na daftari la wapiga kura lilikuwa na majina zaidi ya 170,000.

Kisa hiki husimuliwa kwa namna mbili. Wa kijani, yaani wa CCM, husema chama kilikuwa na mgombea mzuri, kikapambana na vurugu, kikashinda. Wa kaki, yaani wa CHADEMA, husema ushindi uliporwa kwa mabavu ya dola. Nimesikia simulizi zote mbili zikisemwa kwa uchungu wa kweli, na kila moja ina jambo inalolijua. Hata hivyo hakuna inayojibu swali ambalo kwangu ndilo kubwa: ilikuwaje jimbo lililompa mtu mmoja, Rostam Aziz, ubunge kwa zaidi ya miaka 15, bila jasho, likagawanyika karibu nusu kwa nusu ndani ya miezi mitatu tangu aondoke?

Jibu langu ni kwamba Igunga haikuwa ngome ya chama hata siku moja. Ilikuwa ni vijiji vingi vilivyofungwa kwa mtu mmoja kwa kamba ya fadhila. Kamba ilipokatika, serikali yenyewe ililazimika kushika nafasi ya yule mtu, ikaleta daraja lake, mahindi yake na mkuu wake wa wilaya. Nitaeleza hatua kwa hatua, kwa sababu mambo mengi ya jimbo hili hayaonekani kutoka barabarani.

Jimbo lenyewe

Mwaka 2011 jimbo lilikuwa wilaya nzima, kata 26. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 399,727 wilayani, kutoka 325,547 wa mwaka 2002. Wengi ni Wanyamwezi na Wasukuma, ambao huku wamechanganyika kiasi kwamba mpaka wa lugha hauonekani. Mtu anasema "mwangaluka" asubuhi na huwezi kujua baba yake alitoka upande gani wa mto Manonga. Upande wa Wembere kuna Wanyiramba, na kuna Wataturu wenye ng'ombe wao. Mjini na kwenye vituo vya biashara kama Ziba na Choma kuna familia za wafanyabiashara wenye asili ya Uarabuni, Uajemi na India, ambazo zimekuwepo tangu enzi za babu zao na zinazungumza Kinyamwezi safi.

Kuna jambo la uchumi ambalo wachambuzi wa Dar es Salaam walilipita. Tabora hujulikana kwa tumbaku, lakini Igunga ni ya pamba, mpunga na mifugo. Tofauti hiyo ni ya kisiasa pia. Mkulima wa tumbaku wa Urambo, Kaliua au Sikonge amefungwa kwenye chama chake cha msingi cha ushirika mwaka mzima. Mbolea anaikopa kupitia chama, kuni za kukaushia zina taratibu zake, daraja la jani hupangwa sokoni mbele yake, na malipo hupitia chama hichohicho. Anayekishika chama cha msingi anakishika kijiji. Mkulima wa pamba wa Igunga naye ana ushirika, na chama kikuu cha wilaya kinaitwa Igembensabo, yaani jembe ndiyo mali. Lakini hana shingo moja tu ya kukabwa. Pamba ikimtupa ana majaruba ya mpunga, na mpunga ukikauka ana ng'ombe anaowapeleka mnadani. Hali hiyo humpa mtu uhuru fulani wa moyo. Hapigi makelele, lakini si wa kuswagwa.

Kinachomshinda mtu wa Igunga ni maji na njia, na hayo mawili hayanunuliwi kwa ng'ombe wawili. Wakoloni wa Kijerumani waliitazama mbuga hii ya Wembere wakapiga hesabu za kuleta maji kutoka Ziwa Victoria ili walime pamba. Vita Kuu ya Kwanza ikaja, mpango ukabaki kwenye makaratasi. Miaka ikapita, vikachimbwa mabwawa, kama la Bulenya lililonywesha mji, na la Mwamapuli linalohudumia majaruba. Lakini kijijini mama bado alikuwa anagombea maji ya lambo na mifugo. Mbunge yeyote aliyesimama jukwaani aliulizwa habari ya maji, na wa upande wa kaskazini waliuliza pia habari ya Mbutu.

Mbutu ndiko kulikuwa na kivuko kilichoukata mji na kata za upande wa pili, kuelekea Igurubi. Kiangazi unapita kwenye mchanga. Masika maji yakishuka, mjamzito wa upande wa pili yuko peke yake na mkunga wake wa jadi, na gunia la mpunga linauzwa kwa bei anayotaka mwenye lori aliyewahi kuvuka. Asiyewahi kusimama ukingoni pale akisubiri maji yapungue hawezi kuelewa kwa nini daraja moja lilikuja kutajwa hadi ndani ya hukumu ya Mahakama Kuu.

Mamlaka ya kijijini

Sheria inataja mtendaji wa kijiji, mwenyekiti, diwani na afisa tarafa. Hao wapo. Lakini Unyamwezini kuna tabaka la pili la mamlaka ambalo mgeni halioni. Utemi ulifutwa kisheria mwaka 1963, na Operesheni Vijiji ya 1974 ikawahamisha watu kutoka kwenye maboma yao ya ukoo kwenda vijiji vya mistari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, wizi wa ng'ombe ulipozidi na polisi wakawa mbali, watu wa Kahama, Shinyanga na Nzega waliunda jeshi lao la jadi, Sungusungu, likaenea huku kote. Likarudisha jina la ntemi kwa kiongozi wake, likarudisha yowe la mwano ambalo likipigwa kila mwanamume hutoka na upinde. Serikali ilisita, mwisho ikalikubali kwa marekebisho ya sheria za mgambo ya mwaka 1989.

Nalitaja kwa sababu Sungusungu liliwafundisha watu somo moja kubwa, kwamba kijiji kinaweza kukubaliana jambo na likawa. Adhabu yake kali si fimbo, ni kutengwa. Huazimwi moto, huchotewi maji, msiba wako hauendwi. Katika jamii yenye silaha ya namna hiyo, kura ya siri ina maana yake na kauli ya hadharani ina maana nyingine. Mzee atasimama mkutanoni kukisifu chama, atapokea kofia, atakwenda nyumbani na siri yake. Anayehesabu kofia kama kura amewasoma watu hawa vibaya.

Upande wa dini, misikiti ya mjini na ya vituo vya biashara ina uzito kuliko idadi ya waumini wake, kwa sababu biashara iko huko. Makanisa yamesambaa vijijini, na Wapentekoste wa Nkinga wana hospitali ambayo wagonjwa huifuata kutoka mikoa ya jirani. Kwa miaka yote dini hazikuwa jambo la kugawana kura Igunga, na hili naliweka wazi mapema kwa sababu ya yaliyotokea baadaye.

Mtu aliyekuwa kamba

Rostam Aziz aliingia bungeni kwa tiketi ya CCM nusu ya kwanza ya miaka ya 1990. Alikuwa mfanyabiashara mkubwa, baadaye mweka hazina wa chama kitaifa. Huko Dar es Salaam na Dodoma jina lake lilihusishwa na vita vya makundi, na baada ya sakata la mkataba wa umeme wa Richmond la mwaka 2008 magazeti yalimtaja kila wiki. Igunga hayo yalisikika kama radi ya mbali. Mtu wa Choma alimpima mbunge kwa mizani nyingine kabisa: alimfanyia nini mwanaye aliyekwama ada, lori lilipatikana siku ya msiba, mdogo wake alipata kazi.

Simlaumu mtu wa Choma kwa hilo. Pale ambapo zahanati haina dawa na mahakama iko mbali, mtu mmoja mwenye uwezo anayepokea simu yako ni hazina. Mbunge wa vijijini nchini kwetu amekuwa bima ya afya, mfuko wa elimu na chama cha kuzikana kwa pamoja, na mshahara wake hauwezi kubeba mzigo huo. Ndiyo maana majimbo kama haya huwaelekea matajiri. Sheria yenyewe iliyumba hapo. Mwaka 2000 Bunge lilihalalisha takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapiga kura, mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaibatilisha kwa sababu inambagua mgombea maskini, na mwaka 2010 ikaja Sheria ya Gharama za Uchaguzi. Vijijini neno takrima liliendelea kutumika kana kwamba hakuna hukumu iliyosomwa.

Aprili 2011 CCM ilitangaza kujivua gamba, yaani kuwaondoa viongozi waliotuhumiwa ufisadi. Watu watatu walitajwa kila kona kuwa ndio gamba lenyewe, Rostam akiwa mmoja wao. Tarehe 13 Julai aliwaita wazee wa chama Igunga akawaambia anaachia ubunge na nafasi zake za uongozi kwa sababu amechoka na siasa uchwara. Neno hilo liliingia kwenye msamiati wa taifa siku hiyohiyo.

Fikiria maana yake kwa balozi wa nyumba kumi wa kata ya Nguvumoja au Mwisi. Kwa miaka mingi alikuwa anawaambia watu wake kwamba mbunge ni huyu na chama ni hiki, maneno mawili kama jina moja. Leo chama kimemwita mbunge gamba, na mbunge amekiita chama uchwara. Balozi aseme nini? Wengine walikasirika kwa niaba ya mbunge wao wakaamua kukiadhibu chama. Wengine walifurahi kwamba mlango umefunguka. Wengi zaidi, nionavyo mimi, walinyamaza.

Inafaa kuutazama mkoa jirani kidogo. Mwaka 2010 Kigoma ilitoa wabunge wanne wa NCCR-Mageuzi, Kigoma Kusini, Kasulu Mjini, Kasulu Vijijini na Muhambwe, na mmoja wa CHADEMA, Kigoma Kaskazini. Tabora mwaka huohuo majimbo yote yalikwenda CCM. Watu husema Waha wa Kigoma ni wabishi na Wanyamwezi ni wapole. Sikubali. Kigoma mageuzi yalikuwa na historia ya majina na mikutano tangu 1994. Igunga mwaka 2010 CHADEMA haikuweka hata mgombea wa ubunge. Mtu hawezi kuonyesha ubishi wake kwenye karatasi ya kura isiyo na jina la kumpa. Walipopewa jina mwaka mmoja baadaye, lilitoka kwenye sufuri likafika 23,260. Kura za CUF ziliporomoka kwa sababu hiyohiyo, kwani mwenye hamu ya kuipinga serikali alihamia penye nguvu, na CUF wakati huo ilikuwa imeshaingia katika Serikali ya Umoja wa Kitaifa Zanzibar.

Kampeni

Wagombea wote wawili wakuu walikuwa watu wa huku. Kafumu ni mwanajiolojia aliyekuwa Kamishna wa Madini, msomi asiye na harufu ya makundi. Kashindye alitoka kwenye elimu, na vijijini mwalimu ni mtu anayejulikana kwa uso. Laiti wangeachiwa wawili wale wazunguke na baiskeli, Igunga ingepata mdahalo wa maana juu ya pamba, maji na njia. Hawakuachiwa. Rais mstaafu Benjamin Mkapa alikuja kuzindua kampeni za CCM, na CHADEMA ikaleta viongozi wake wa juu na wabunge wake kwa makundi. Jimbo likageuka uwanja wa vita vya uchaguzi mkuu wa 2015 vilivyokuwa bado miaka minne mbele.

Tarehe 15 Septemba ikatokea Isakamaliwa. Mkuu wa wilaya alikuwa na kikao kijijini huko. Wafuasi wa CHADEMA, wakiwa na wabunge wao, walisema ni kikao cha siri cha kuhujumu kampeni, wakamvamia. Katika purukushani hijabu yake ilivuka. Nasema bila kuzunguka kwamba lilikuwa kosa kubwa, la kiutu kwanza, la kisiasa baadaye. Hata kama kikao kilikuwa na walakini, palikuwa na tume na polisi wa kulalamikiwa. Mwanamke wa makamo kushikwa na vijana hadharani ni aibu ambayo Mnyamwezi yeyote, wa dini yoyote, anaijua kwa jina lake. Jambo lilichukuliwa, likapelekwa misikitini, likawa hoja ya kura. Jimbo ambalo halikuwa na siasa ya msikiti na kanisa likapandikiziwa siasa hiyo ndani ya wiki mbili. Mwezi huohuo kijana mmoja wa CCM alimwagiwa tindikali usoni. Watu wa huku walizoea wizi wa ng'ombe, na hata kuuawa kwa vikongwe wanaosingiziwa uchawi, jambo linalotutia aibu hadi leo. Mtu kuunguzwa uso kwa sababu ya fulana ya chama hawakuwa wamewahi kuona.

Wakati huohuo mahindi ya msaada yalikuwa yanagawiwa. Mwaka ulikuwa na njaa, na hilo halikuwa la kutunga. Tatizo lilikuwa mkono unaogawa na siku ya kugawa. Mama anayepimiwa debe lake na mtendaji asubuhi, jioni akamwona mtendaji huyohuyo nyuma ya jukwaa, anafanya hesabu yake mwenyewe bila kuambiwa na mtu. Ndivyo fadhila inavyofanya kazi, haihitaji sharti la maandishi.

Kisha likaja daraja. Waziri wa Ujenzi wa wakati huo, John Magufuli, alisimama kwenye kampeni za chama chake na kuzungumzia ujenzi wa daraja la Mbutu. Kwa mtu wa mjini ni ahadi kama ahadi nyingine. Kwa mtu wa Mbutu aliyesema ni yule mwenye kalamu ya kusaini mkataba. Mgombea huahidi atakachokiomba, waziri huahidi alichokishika. Hapo ndipo napaona kiini cha kisa chote. Kwa miaka 15 na zaidi fadhila ya Igunga ilitoka mfukoni mwa mtu binafsi, na tungeweza kusema ni hiari yake. Alipoondoka, pengo lilikuwa kubwa mno kwa mfuko wa mwanajiolojia, likazibwa kwa mali ya umma.

Waliobaki nyumbani

Ninarudi kwenye daftari. Zaidi ya watu 116,000 waliojiandikisha hawakupiga kura. Katika kila 100, waliojitokeza ni 31. Haraka haraka mtu husema walisusa, lakini uchaguzi mkuu wa 2010 nchi nzima ulipata asilimia 42.8 tu, kwa hiyo sehemu ya jambo hili ni ugonjwa wa taifa. Igunga ilikuwa na sababu zake za ziada. Daftari lilikuwa la 2010, kwa hiyo kijana aliyetimiza miaka 18 katikati hakuwamo, na aliyekuwamo na amehama hakuweza kupiga kura alipo. Wafugaji wa huku wamekuwa wakihama na mifugo kufuata malisho kuelekea Rukwa, Katavi, Usangu na Kilombero kwa miongo kadhaa. Oktoba ndiyo kilele cha ukame, na mwenye makundi huwa mbali na kituo chake. Wapo waliokufa na majina yao yamebaki. Na wapo walioogopa, hasa wanawake, baada ya mwezi mzima wa polisi wengi, mabomu ya machozi na habari za tindikali.

Lakini hata ukiwatoa wote hao, wanabaki maelfu waliokuwa nyumbani na kadi zao sandukuni, kituo kikiwa umbali wa kutembea. Hao ndio ninaowaita watu wa kamba. Miaka yote walikuwa wanakwenda kupiga kura kama mtu anavyokwenda kurudisha shukrani. Safari hii hawakuwa na wa kumshukuru, na kumwadhibu mtu hawakutaka. Wakasafisha mashamba yao, wakashonea magunia yao. Sioni ujinga katika hilo. Naona watu waliozoeshwa kwamba kura ni shukrani, wakabaki waaminifu kwa maana hiyo hata ilipokosa kazi.

Waliojitokeza walikuwa wa aina mbili, wenye chama damuni na wenye hasira au tumaini jipya. Ndiyo maana tofauti ikawa kura 3,224.

Mahakamani Tabora

Kashindye alifungua shauri Mahakama Kuu Kanda ya Tabora. Tarehe 21 Agosti 2012 Jaji Mary Shangali alibatilisha uchaguzi. Hakukubali malalamiko yote, lakini yaliyokubaliwa yalitosha. Miongoni mwake yalikuwa ahadi ya daraja la Mbutu, ugawaji wa mahindi, matamko ya misikitini, na mbunge mmoja wa CCM aliyeonekana kwenye kampeni na bastola kiunoni.

Watu wa Kigoma walioisikia hukumu ile walikumbuka ya kwao. Uchaguzi mdogo wa Kigoma Mjini wa mwaka 1994 ulimpa ushindi Azim Premji wa CCM. Dk. Aman Walid Kabourou wa CHADEMA akaenda mahakamani akilalamika, pamoja na mengine, juu ya upendeleo wa Redio Tanzania na ahadi ya serikali ya barabara katikati ya kampeni. Uchaguzi ulibatilishwa, na Mahakama ya Rufaa ikaandika maneno ambayo wanasheria huyanukuu hadi leo. Mwaka 1995 Kabourou alishinda kiti hicho. Kigoma barabara, Igunga daraja. Mikoa miwili inayofuatana kwenye reli moja, iliyonyimwa njia kwa miaka, kila mmoja ukatongozwa kwa njia.

Ugumu wa jaji katika mambo haya unastahili kueleweka. Serikali haiwezi kusimama kufanya kazi kwa sababu kuna uchaguzi mdogo. Njaa haingoji tume itangaze matokeo. Kama daraja limo kwenye bajeti, waziri akilitaja ni habari au ni hongo? Mimi naona jibu limo katika mahali na mdomo. Daraja lililomo kwenye bajeti linatangazwa na mkandarasi akiwa eneo la kazi, mbele ya watu wa vyama vyote. Likitangazwa kutoka jukwaa la chama, mgombea akiwa kando, limeshakuwa mali ya mgombea. Vivyo hivyo mahindi yangeweza kugawiwa na kamati ya maafa ya kijiji yenye wajumbe wa kila chama, au yakapimwa mapema, kampeni hazijaanza.

Kafumu alikata rufaa, na mwaka 2013 Mahakama ya Rufaa ikamrudishia kiti chake. Kwa upande wa sheria kisa kiliishia hapo. Kesi ya tindikali ilikuwa na safari yake, ilifika hadi mashtaka ya ugaidi, na mashtaka hayo yakaondolewa na mahakama Tabora. Nasikitika kwamba katika kelele za vyama viwili, kijana aliyeunguzwa alibaki kuwa mfano wa kutajwa majukwaani na si mtu wa kusaidiwa.

Baada ya vumbi

Daraja la Mbutu lilijengwa. Lilijengwa na muungano wa wakandarasi Watanzania, na wahandisi wetu hulitaja kwa fahari, kwa haki kabisa, kwamba kazi ya ukubwa ule ilifanywa na mikono ya nyumbani. Masika sasa lori la mpunga linapita, na mgonjwa anavuka. Mtu wa Igurubi hapitishi gunia lake juu ya hoja ya kisheria. Namwelewa, nami ningevuka kwa furaha. Ila namtaka pia ajue kwamba daraja lile alistahili kabla ya 2011, hata kama Rostam angebaki bungeni, hata kama kata yake nzima ingempa kura Kashindye.

Mwaka 2015 jimbo liligawanywa. Mji, Mbutu na Igurubi zikabaki jimbo la Igunga, upande wa Ziba, Choma, Simbo na Nkinga ukawa jimbo jipya la Manonga. Kafumu alirudi bungeni kwa Igunga, na Seif Gulamali, wa CCM pia, akachukua Manonga. Mwaka huohuo ndani ya mkoa huohuo, Kaliua, nchi ya tumbaku, ilimchagua Magdalena Sakaya wa CUF, jambo lililowashangaza waliokuwa wamezoea kusema Tabora haibadiliki. Machi 2017 Kafumu alijiuzulu uenyekiti wa kamati ya Bunge ya viwanda na biashara. Huku kijijini wengi walimheshimu kwa hilo, mzee wa chama kuachia nafasi akiwa hai na ana akili zake.

Kisha maji. Mradi wa kuyaleta kutoka Ziwa Victoria hadi Nzega, Igunga na Tabora, kwa mkopo wa India, ulifikisha maji mjini mnamo 2020, zaidi ya miaka 100 tangu Wajerumani wachore ramani yao. Nilipopita mwaka uliofuata, bomba kuu lilikuwa limeshafukiwa, na juu ya udongo mpya nyasi zilikuwa zimeota. Kwenye kibanda cha chai karibu na stendi walikuwepo wazee wawili na mwendesha bodaboda mmoja. Mzee wa kwanza alikuwa wa kijiji kilicho karibu na bomba, tayari wana kilula, bomba la kuchotea maji. Wa pili alitoka mbali zaidi, anasikia tu. Alimuuliza mwenzake, "Mlimwona nani?" Yule akamjibu kwamba hawakumwona mtu, walipimwa kwa umbali tu kutoka kwenye bomba. Mzee wa pili alinyamaza kidogo, akageukia kikombe chake, kisha akauliza tena kwa sauti ya chini, kama mtu asiyeamini kwamba jibu ni hilo tu: "Hapana, nakuuliza mzee mwenzangu, mlimwona nani?"